Makaratasi ya Nkambo Kamona

Ginette alinipigia simu Jumapili nimetoka misa, bado sijavua hata viatu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, ya utulivu, na mwanzoni sikumtambua, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka minne na homa kali. Akajitaja: mtoto wa Prof Anaclet. Baba yake amefariki kule Kasaï, wameshamzika, na kabla ya kufa alimwachia agizo moja tu, aje Lubumbashi, amtafute Mama Mado wa Katuba, achukue kwake makaratasi ya Bambote. Baba alisema yako salama, akaniambia, na hakuna siku aliyoyatilia wasiwasi. Kisha akaeleza kwa nini yanahitajika haraka. Kule kaskazini, nyuma ya Kabalo, kuna mzee wa Bambote, mjukuu wa yule bibi ambaye Prof na mimi tulikwenda kumsikiliza. Watu wanataka kuwatoa yeye na jamaa zake kwenye kilima walikozikwa wazee wao, na mkuu wa sehemu amewaambia walete maandishi yanayoonyesha nani amezikwa pale. Maandishi hayo ni yale yangu. Nilimpa pole ya msiba, nikalia naye kidogo, na aliposema atapanda basi baada ya wiki mbili nikamjibu ndiyo mwanangu, karibu, nitakungoja. Nilipokata simu nilikaa kitandani na viatu vyangu vya kanisani mpaka mjukuu akaja kuuliza kama leo hatuli.

Makaratasi hayapo. Niliyatupa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na ninaandika haya sasa kwa sababu najijua: Ginette akiingia hapa na kitambaa cha msiba kichwani, akakaa kwenye kiti, akaniita mama, mdomo wangu utatafuta njia ya kukwepa. Mwaka ule baba yake alipofukuzwa mji huu, mdomo huu ulishaniponza mara mbili, mara moja kwa kusema ukweli na mara moja kwa kusema uongo. Basi safari hii siutegemei. Nitamkabidhi kurasa hizi asome, mimi niwe jikoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na Prof alikuwa amenichagua kuwa mchoraji wake. Usidhani ni cheo kikubwa. Chumba chetu cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, na kazi ilikuwa kuosha vigae vya vyungu kwa miswaki mizee ndani ya beseni la kufulia, kuvianika juu ya magazeti, halafu kuvichora kimoja kimoja. Chumba kilinuka udongo uliolowa kama kiwanja baada ya mvua ya kwanza. Saa nne Prof alifungua kabati lenye mafuvu na mifupa, na nyuma ya mafuvu, mahali ambapo hakuna mwizi angetia mkono, alitoa mkate na karanga, tukala na chai bila maziwa. Alikuwa mtu mfupi, mnyamavu, mwenye suruali iliyochakaa magotini kwa kupiga magoti kwenye mashimo. Ujana wake wote aliutumia kuchimba makaburi ya kale kando ya maziwa ya kaskazini. Wanafunzi wageni walipomuuliza chungu hiki ni cha kabila gani, alikigeuza chini juu, akakitazama matako kwa makini, akasema samahani, sijaona mahali walipobandika kitambulisho. Tulicheka kila mwaka, hata sisi tuliokwisha kuisikia.

Kiangazi cha mwaka ule alinichukua kwenda kwa yule bibi, Nkambo Kamona, yaani Bibi Kamona. Mjini watu waliwaita jamaa zake Batwa, watu wa msituni, kwa mdomo uliopinda, lakini wenyewe walijiita Bambote, na Prof hakuruhusu jina jingine litamkwe mbele yake. Alikuwa amesikia habari za kilima chenye malundo ya mawe, na kama angekuwa mchimbuaji mwingine yeyote angefika na majembe na vibarua. Nkambo alimkatalia palepale. Alikuwa bibi mwembamba, kipofu wa jicho moja, na alisema wazi kwamba hapa hakichimbwi kitu, lakini kama mna masikio mtajua wote waliomo. Prof alikuwa na jembe dogo la mkono ndani ya mfuko wake. Siku zote tulizokaa pale sikumwona akilitoa.

Desturi yao ilikuwa hivi: jina la marehemu halitajwi nyumbani, wala njiani, wala kando ya moto. Linatajwa pale alipolala tu, msemaji ameinama na kiganja chake kiko juu ya ardhi. Basi tulipanda kilima kila asubuhi, Nkambo mbele akipapasa kwa fimbo, sisi nyuma, na kwenye kila lundo aliinama, akaweka mkono, akasema huyu ni nani, ni mtoto wa nani, alimzaa nani, na neno moja la kumkumbuka: huyu alikuwa anaogopa nyuki, huyu aliimba vibaya, huyu alikufa na mimba. Prof aliandika haraka kwa penseli ndani ya kaye zake, madaftari ya shule, mwandiko wa kuku, akiandika na hatua ngapi kutoka lundo lile hadi hili. Jioni, kwa mwanga uliobaki, mimi nilikaa kwenye ngozi nje ya kibanda na kunakili safi kwa wino kwenye karatasi kubwa: mwanamume pembetatu, mwanamke duara, mstari wa ndoa, mstari wa uzazi, na chini yake mahali pa kaburi. Niliogopa kukosea hata kidogo, nikawa naandika kila kitu, na Nkambo alinitania kwamba huyu binti anaandika hata kikohozi changu.

Siku ya mwisho tulipokuwa tunafunga mizigo alinishika kifundo cha mkono. Aliniuliza mimi, si Prof.

"Miye nikikufa, hii kinywa inafungika. Ile karatasi yenu, yeye haitafungika?"

Nikamwambia hapana, Nkambo, haitafungika. Alikufa kabla ya mvua kuisha. Habari zilitufikia Lubumbashi kwa mdomo wa dereva wa lori, na Prof alisimamisha somo, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za jengo peke yake. Aliporudi alisema sasa hakuna mtu duniani anayekijua kile kilima kizima isipokuwa karatasi za Mado. Niseme kweli? Nilisikia uchungu, lakini chini ya uchungu nilisikia fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonifanya mjinga.

Maana muhula ule ule alitufundisha kozi ya jamii za watu, na kazi ya kwanza aliyotupa darasa zima ilikuwa ileile ya kilimani. Kila mmoja achore ukoo wake, vizazi vinne, kwa pembetatu na duara, na kando ya kila mtu aandike mahali alipozaliwa. Yeye alianza na wa kwake ubaoni. Hapo ndipo tulipojua jambo ambalo hakuna mtu mjini alilijua. Jina alilokuwa nalo, jina la huku kwetu kabisa, lilikuwa la mume wa pili wa mama yake, aliyemlea. Baba mzazi alikuwa mtu wa Kasaï, fundi wa reli, aliyekufa mimba ikiwa changa. Prof alichora pembetatu, akaikata kwa mstari wa kifo, akaandika pembeni jina la kijiji cha mbali, akafuta chaki mikononi na kutuambia sasa ni zamu yenu. Tulichora kwa vicheko. Ikaonekana kwamba hakuna hata mmoja darasani ambaye babu wa babu yake alizaliwa Lubumbashi, mji mzima umeletwa na gari la moshi na migodi, huyu kutoka maziwani, huyu kutoka Kivu, huyu ng'ambo ya mpaka, na nusu ya darasa walikuwa na bibi au babu wa Kasaï mahali fulani.

Karatasi zetu Prof alizitia ndani ya farde moja ya kijani, jalada la kadibodi, ileile yenye karatasi za Nkambo Kamona, na akaniagiza nizipange zote pamoja kwa alfabeti ya majina, wanafunzi na Bambote wamechanganyika. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele alinung'unika kwamba yeye hawezi kulala kitanda kimoja na Batwa. Prof alimwita ubaoni, akamwomba atutajie mabibi zake. Alikwama kwenye wa tatu. Prof akasema, bila kumcheka, kwamba Nkambo asiyejua kusoma alitaja wa kwake siku nne mfululizo, kwa hiyo anayepewa heshima ya kulala karibu na mwenzake hapa ni wewe. Wazungu wa zamani, alituambia, walikuwa na kabati moja la watu na kabati jingine la watu wa msituni. Katika chumba changu kabati ni moja. Nilipanga kama alivyoniagiza, na nikakubali kwa moyo wangu wote. Hata leo nakubali. Lakini natamani mno angekuwa na makabati mawili.

Nilikaa kwa baba mdogo, Papa Léonard, hapa hapa Katuba, lupango mbili, yaani viwanja viwili, kutoka ninapoandika. Simwekei ubaya ambao hakuwa nao. Alinilea, alinisomesha, alinipigia magoti kwa masista ili wanipokee sekondari. Lakini kampuni ya migodi ilikuwa imemrudisha nyumbani pamoja na wenzake wengi, na mshahara wa mwisho haukuja, na mtu aliyezoea kuamka na king'ora cha kazi alikuwa sasa anaamka na kukaa kwenye kiti cha sebuleni akiwa amevaa viatu. Jioni walikuja wanaume wenzake. Kwa kuwa chumba changu kiligawana ukuta na sebule, na ukuta haukufika juu, nilisikia yote: kwamba nafasi za kazi zimeliwa na wageni wa Kasaï, kwamba nani alikuwa msimamizi na nani mchimbaji, kwamba redio imesema kila mtu arudi kwao. Walianza kuitwa kamati ya mtaa. Nilijifunika khanga kichwani nikaendelea kusoma, nikijiambia ni maneno ya watu wenye njaa.

Siku moja mchana tulikuwa mezani, bukari, ugali wetu, na majani ya sombe na dagaa za ndakala kidogo, Papa Léonard ameinamia sahani yake, na Mama Véro mke wake akajaribu kutia neno, akaniuliza huko chuoni mnasoma nini. Na mimi, mtoto wa shule, nikafurahi. Niliomba karatasi, nikasogeza bakuli la sombe, nikawaonyesha pembetatu na duara. Nilichora ukoo wetu, Papa Léonard akasahihisha jina la shangazi mmoja, akatabasamu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa wiki nyingi. Nikaona nimempa dawa. Nikataka kumpa zaidi. Nikawaambia jinsi darasa zima tulivyochora, jinsi ilivyoonekana kwamba sote tumetoka mbali, na kwamba hata Prof mwenyewe. Nikachora na wa Prof. Niliukumbuka wote, mpaka kijiji.

Papa Léonard alipangusa mikono yake polepole.

"Shi huyu Prof yenu, baba yake iko wa kule?"

Ndiyo, nikamjibu, na huoni, Papa, ndiyo maana ya somo lenyewe. Akasema ni somo zuri. Akauliza zile karatasi za wanafunzi wengine ziko wapi, nikasema ziko kwa Prof, zote, kwenye farde. Akachukua karatasi niliyochora, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Mama Véro alinitazama, akaanza kuondoa sahani kabla hatujashiba. Yeye alielewa. Mimi nilirudi chumbani kwangu nimeridhika, na kwa hilo sijawahi kujisamehe, kwa ule kuridhika.

Baada ya hapo mambo yalianguka haraka. Askari wasiolipwa walivunja maduka, watu wakawafuata nyuma, kila mtu akibeba alichoweza, na chuo kikafungwa bila tangazo. Nilipofika korido yetu mlango wa chumba ulikuwa umeng'olewa. Beseni limechukuliwa, kabati limechukuliwa, meza imechukuliwa, na vile wasivyohitaji, vigae vya miaka elfu na mifupa ya watu, vimemwagwa sakafuni na kukanyagwa. Prof alikuwa amepiga magoti katikati, anaokota. Kila kigae kilikuwa na namba yake, na alikuwa akizisoma moja moja kwa sauti ndogo kama anaita watoto. Nilipiga magoti pembeni yake tukaokota mpaka mchana, kisha akasimama, akasema inatosha. Akafungua shati lake. Farde ya kijani alikuwa ameifunga tumboni kwa kamba.

Aliniambia nyumba yake haiko salama tena. Mtu alipaka alama ya rangi nyekundu kwenye geti lake, na hajui walijuaje, maana majirani wale wa miaka yote hawakuwahi kumshuku. Aliniambia hivi akinitazama usoni bila shaka yoyote, na mimi nikatazama vigae. Akanikabidhi farde. Kwako, akasema, kwa mtu wa Katuba mwenye asili ya hukuhuku, hakuna atakayetafuta. Ningemwambia palepale: Prof, ni mimi, nilisema mezani, na nyumba unayoipelekea farde ndiyo nyumba ya kamati. Badala yake nilinyoosha mikono. Nikaichukua.

Niliificha chini ya godoro. Wiki ile ile familia ya Prof ilitolewa nyumbani na kupelekwa stesheni pamoja na maelfu ya wengine kungoja treni ya Kasaï, treni ambayo ilikuja ilipotaka. Papa Léonard hakunisemesha juu yake. Aliniuliza tu, kwa upole, kama nimekumbuka farde ya wanafunzi ilikopotelea, kwa sababu kamati inataka kujua nani na nani wanajificha kwa majina ya watu wengine. Nikasema iliporwa na vitu vingine. Akaitika. Nilijua hakuniamini, kwa kuwa tangu siku hiyo alianza kunisalimia kama mgeni.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, nilikuwa nasugua sufuria. Mama Véro aliingia kutoka sokoni bila kikapu chake, akapita moja kwa moja mpaka kwangu, akasema chini kwa chini.

"Mado, baba yako anakuya na bantu, beko kwa kona. Kama uko na kitu mu chumba, toa mbiyo."

Niliingia chumbani, nikatoa farde, nikaifungua juu ya godoro. Hapo ndipo alfabeti iliponiua. Nilitaka kutoa za wanafunzi na kuacha za Nkambo, ambazo hazingemdhuru mtu yeyote, lakini tulikuwa tumezichanganya vizuri mno: mwanafunzi, Mbote, mwanafunzi, wanafunzi wawili, Mbote, karatasi zote za aina moja, mwandiko wa za kilimani wangu, na mwandiko wa wenzangu wengi niliowasaidia kuchora pia wangu. Nilishika mbili, tatu, nikasoma. Nikasikia sauti za wanaume kwenye geti, na ya Papa Léonard ikiwakaribisha kwa heshima kama siku ya sikukuu. Kama ningebakiza hata moja ya mwenzangu kwa makosa, jina la bibi yake limeandikwa pale, mahali alipozaliwa pameandikwa pale. Nikakumbatia zote. Nilipita mlango wa nyuma hadi chooni, choo chetu cha shimo, nikafunga kwa komeo, nikazitupa. Hazikutumbukia haraka. Karatasi kubwa zilijikunja kwenye tundu, ikabidi nizisukume kwa mti wa ufagio. Ya mwisho ilikuwa ya kilimani, nililisoma jina ikiwa tayari kwenye tundu, na niliisukuma hiyo pia, maana miguu ya watu ilikuwa tayari uani.

Walipekua chumba, wakapindua godoro, wakaondoka. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekamatwa kwa karatasi zile. Wengine walitolewa kwa njia nyingine, kwa majina yao, kwa lafudhi yao, lakini si kwa mkono wangu. Najikumbusha hilo nikiwa siwezi kulala. Jioni ile Papa Léonard alinikuta nimekaa nje, akasimama kidogo nyuma yangu, akasema nikale. Hatukuzungumza habari hiyo mpaka alipokufa, na nilimlilia kama baba, maana alikuwa baba.

Nilikwenda stesheni Jumamosi. Nilipika bukari, nikaifunga kwa kitambaa pamoja na samaki wa kukaushwa, nikaenda kwa miguu kwa kuwa sikutaka mtu wa mtaa anione ndani ya basi nikishukia pale. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu walilala chini ya mabati, chini ya mashuka ya plastiki, chini ya milango ya nyumba zao waliyoing'oa na kuja nayo. Niliwakuta karibu na ghala: Prof, mke wake Mama Thérèse, na Ginette amefungwa ndani ya koti la baba yake. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa, na tumbo linamwendesha. Mama Thérèse alikuwa na mbabula ndogo, jiko la makaa, na makala hayo yamelowa, na sufuria ya maji waliyochota mahali ambapo hapakuwa pazuri. Maji yale hayakunyweka bila kuchemshwa, na moto ulikuwa hautaki. Mama Thérèse alipuliza mpaka akakaa chini na kuanza kulia, kilio cha kuchoka tu. Mtoto wa jirani yao, aliyeanza na tumbo lilelile, alikuwa amezikwa siku iliyotangulia.

Prof alikuwa amekonda, magoti ya suruali yamechanika kabisa. Alinishukuru kwa bukari. Akanisogeza kando, na jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa habari za mjini.

"Mado, ile farde iko wapi?"

"Iko salama, Prof."

"Mahali haifike mayi?"

"Haifike."

Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amesimama kwenye matope na kila alichokuwa nacho kilikuwa pale mbele ya macho yangu, na nilidhani hilo moja naweza kumwachia. Nilidhani ni huruma. Niliona mabega yake yakishuka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante, mara mbili. Kisha akarudi kwenye mizigo, akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya plastiki na ndani ya plastiki nyingine. Zilikuwa kaye za kilimani, zile za penseli, zote, kavu kabisa.

"Basi hizi haina kazi tena," akasema. "Ile yako njo muzuri. Nisaidie kupasula."

Akachana karatasi ya kwanza, akaikunja, akaiweka chini ya makala. Akanipa kaye ya pili. Mama Thérèse aliinua uso. Ginette alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, pumzi inakwenda mbiombio. Na mimi ningeweza kusema. Neno moja tu, Prof, usichane, na angesimama. Lakini ningelazimika kusema na lingine, na baada ya hilo lingine, lile la mezani, na hapo mtoto alikuwa anahitaji maji, na karatasi kavu stesheni nzima zilikuwa zile mikononi mwetu. Sijui hata leo kama nilinyamaza kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yangu. Nimejiuliza miaka yote, na jibu linabadilika kulingana na siku.

Nilichana. Nilijaribu kusoma kabla ya kukunja, kwa haraka, penseli imefifia: aliyeogopa nyuki, hatua kumi na mbili, aliyeimba vibaya, na majina yao. Nilishika saba kichwani. Prof aliona midomo yangu inatembea, akadhani nasali, akavua kofia. Moto ulishika kwenye kaye ya nne, na tulihitaji zote ili makala yakauke. Maji yalichemka, Mama Thérèse akakoroga uji, na mtoto alikunywa kikombe kizima, akatulia, akalala kifuani kwa baba yake. Treni iliwachukua siku mbili baadaye, wote watatu wakiwa hai. Prof aliniandikia barua mbili kwa mikono ya abiria. Sikuzijibu.

Ginette, majina saba nimeyaandika kwenye karatasi ya nyuma, pamoja na ninachokumbuka cha kila mmoja. Mpelekee yule mzee. Mwambie mengine yalikuwepo, na mwambie ni nani aliyeyachana.